Mikado ya Takadanobaba: Tokyo kwa Sarafu za Yen Mia

Safari hii niliifanya Novemba 2023, na nimeiandika baada ya kurudi Mombasa, nikiunganisha daftari langu na picha za simu. Mwezi ule dola moja ya Marekani ilikuwa ikienda kwa yen 150 hivi, na kwa shilingi 150 hivi za Kenya. Kwa hiyo Mkenya asipate tabu: kila yen hapa chini aihesabu shilingi moja. Ndugu zetu wa Tanzania wazidishe mara kumi na sita au kumi na saba.

Nilikwenda kwa ajili ya ukumbi mmoja wa gemu uitwao Mikado, mtaa wa Takadanobaba, Tokyo. Kumbi hizi Wajapani huziita gesen. Unaingia, unachenji noti, unakaa mbele ya mashine, unatia sarafu ya yen 100 na unacheza mpaka ufe. Mikado hutangaza mashindano yake moja kwa moja kwenye intaneti, na saa mbili usiku ya Tokyo ni saa nane mchana kwetu, wakati ambao dukani kwangu hapana mteja. Nimewatazama watu wale kwa miaka. Nilitaka kuwaona kwa macho, na nilitaka kuelewa ukumbi kama ule unaishije ilhali maelfu ya wenzake wamefunga milango.

Jumatano: Narita hadi Takadanobaba

Ndege sina la kusimulia. Narita tulipanga foleni ya uhamiaji karibu saa moja na nusu: alama za vidole, picha, maswali mawili kuhusu mahali pa kulala, nikapita. Treni ya Skyliner mpaka Nippori ilikuwa yen 2,570 na inakimbia chini ya dakika 40. Ya kawaida haifiki nusu ya bei hiyo, ila husimama njia nzima na mwenye mabegi huenda akasimama nayo. Nippori unahamia Yamanote, reli inayouzunguka moyo wa mji.

Binti wa ami yangu anasoma Tokyo, na alikuwa akinisubiri kwenye mlango wa kutokea wa stesheni.

"Kaka, pole na safari. Umekula?"

"Cha ndegeni tu, dada."

"Basi twende ule kwanza. Mashine hazikimbii."

Pale stesheni, kabla milango ya treni haijafungwa, kipaza sauti hupiga wimbo wa Astro Boy, roboti mtoto aliyebuniwa na mchoraji Osamu Tezuka. Katika hadithi roboti huyo alizaliwa papa hapa Takadanobaba, tarehe 7 Aprili 2003, na kampuni ya Tezuka ina ofisi zake mtaani. Chini ya daraja la reli ukuta mzima umechorwa wahusika wake. Chuo kikuu cha Waseda kiko jirani, ndiyo maana mtaa umejaa vijana na vyakula vya bei ya mwanafunzi. Tulikula samaki wa kuchoma, wali na supu ya miso kwa yen 850 kila mmoja. Tambi zinazousifisha mtaa huu tuliziacha, kwa sababu bakuli nyingi huja na nguruwe.

*Kwa anayekwenda:* mwaka ule uuzaji wa kadi za kawaida za nauli za Suica ulikuwa umesimamishwa kwa uhaba wa chipu duniani. Mgeni alipata Welcome Suica, inayofanya kazi siku 28, papo hapo uwanja wa ndege. Ulizia kabla hujatoka Narita. Na usidanganyike kwamba Japani yote ni kadi. Kwenye kumbi za zamani sarafu ndiyo mfalme.

Alhamisi: ghorofa ya chini

Mikado hufunguliwa saa nne asubuhi. Nilifika dakika chache baadaye, nikakuta wazee wawili wameshakaa, kila mmoja na kopo la kahawa kando yake. Kelele zake hazielezeki kwa mtu aliyezoea gemu za simu. Mashine kadhaa zinapiga muziki kwa pamoja, na hakuna anayeomba upunguzwe.

Ghorofa hii ni ya michezo ya kufyatua risasi na mashine za zamani kwa jumla. Michezo ya kufyatua yote ni vitukuu vya Space Invaders, iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito na kutoka mwaka 1978. Wavamizi 55 wanashuka kwa safu tano, na kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyoongeza kasi. Kasi ile haikupangwa. Kompyuta ya mashine ilikuwa dhaifu, na wavamizi walipopungua ilikuwa na wachache wa kuchora, ikawachora upesi zaidi. Nishikado alipoona hivyo aliiacha, na ndiyo iliyowatoa watu jasho. Japani ikafunguka kumbi zisizo na kitu kingine ila meza za Space Invaders. Kuna hadithi ipendwayo sana kwamba nchi iliishiwa sarafu za yen 100 kwa ajili ya mchezo huo. Ni tamu, lakini haina ushahidi.

Sarafu ile ndiyo iliyonishughulisha siku nzima. Mwaka 1978 mchezo mmoja ulikuwa yen 100. Mimi pale, miaka 45 baadaye, nilikuwa natia yen 100. Nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu kwenye daftari. Kodi ya mauzo ilianza Japani mwaka 1989 kwa asilimia 3. Mwaka 1997 ikawa 5, mwaka 2014 ikawa 8, na Oktoba 2019 ikafika 10. Muuza mchele akiongezewa kodi huongeza yen kadhaa kwenye bei, maisha yakaendelea. Mwenye ukumbi afanyeje? Tundu la mashine linameza sarafu ya mia. Hana njia ya kudai 110, na akipandisha hadi 200 amemwongezea mteja mara mbili kwa siku moja. Kwa hiyo anaimeza yeye. Leo katika kila mia, yen tisa ni za serikali, na bado hajalipa kodi ya pango, umeme na mishahara. Kwenye michezo mipya iliyounganishwa na mtandao, mtengenezaji naye hukata fungu lake katika kila mchezo unaochezwa.

Takwimu za polisi zilionyesha kumbi zaidi ya 26,000 nchini mwaka 1986. Mwaka 2019 zilikuwa zimebaki takriban 4,000. Wengi husema ni pleisteshen na simu zilizoziua, na kweli zilichangia. Mimi niliondoka kwenye benchi lile nikiamini kwamba ile sarafu isiyoongezeka thamani imefanya kazi kubwa kuliko inavyosemwa.

Kwa nini takwimu zinatoka kwa polisi? Mwaka 1984 sheria ya biashara za starehe ilirekebishwa, na tangu Februari 1985 kumbi za gemu zinahitaji leseni chini yake, sawa na vilabu vya usiku. Ndiyo sababu hufunga usiku wa manane, na aliye chini ya miaka 18 hutolewa ifikapo saa nne usiku. Wadogo zaidi hutolewa mapema. Ukisafiri na watoto, wapeleke asubuhi.

Ijumaa: Shin-Okubo, kisha Akihabara

Kituo kimoja tu kusini mwa Takadanobaba, nauli wakati ule yen 150, ni Shin-Okubo. Watu humiminika huko kwa vyakula vya Kikorea, lakini nyuma kidogo kuna uchochoro wa maduka ya halali ya Wabangladeshi, Wanepali na Wapakistani. Iliki, mdalasini, mchele wa basmati, nyama ya mbuzi. Baada ya swala nililipa yen 1,000 kwa sahani ya biriani ya mbuzi iliyonifanya ninyamaze. Mwenye hoteli aliposikia natoka Mombasa alikataa nilipie chai. Alisema babake alikuwa baharia na alikuwa akiitaja sana Kilindini. Sijui kama aliwahi kufika au aliisikia tu kwa wenzake, lakini jina alilitamka sawasawa.

Jioni nilipanda treni mpaka Akihabara, nauli haikufika yen 250. Humu ndimo picha za Tokyo zinamotoka: majengo marefu, mabango, watu. Ukumbi wa Taito unaoitwa HEY bado una safu ndefu za michezo ya kufyatua, na nilikaa nyuma ya kijana mmoja zaidi ya nusu saa nikimtazama akipenya mvua ya risasi kwa sarafu moja. Hakugeuka hata mara moja, na watu sita nyuma yake hatukukohoa.

Ghorofa za chini za kumbi za Akihabara zimeshikwa na mashine za kunyakua midoli kwa mkono wa chuma. Kampuni ya Sega ilizitoa kwa jina la UFO Catcher mwaka 1985, na leo ndizo zinazoleta zaidi ya nusu ya mapato ya kumbi zote za Japani. Sheria huwekea thamani ya zawadi kikomo: ilikuwa yen 800, mwaka 2022 ikapandishwa hadi 1,000. Nilimwona mama mmoja akitia sarafu baada ya sarafu kwa ajili ya mdoli wa mwanawe, mpaka mfanyakazi akafungua kioo na kuusogeza mdoli ukingoni. Sarafu iliyofuata ukaanguka. Usione haya kumwita mfanyakazi ukiona umekwama. Ni jambo la kawaida na wao hulifanya kwa furaha.

Akihabara hiyo hiyo ilipoteza ukumbi wa Sega wa jengo la pili tarehe 30 Agosti 2020, baada ya miaka 17. Mwishoni mwa mwaka ule wa Korona, Sega iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kumbi kwa kampuni ya Genda, na Januari 2022 ikauza iliyobaki. Jina la Sega likashushwa kwenye kuta za kumbi, likapandishwa GiGO.

Jumamosi: mvua, Ikebukuro

Mvua ilianza alfajiri. Treni ilisimama katikati ya vituo karibu dakika 40, tangazo likirudia kuomba radhi, na abiria mmoja mzee akaniandikia kwenye simu yake kwa Kiingereza cha kutafsiriwa kwamba nisiwe na wasiwasi, tutafika. Akashuka nami Ikebukuro, akanipa mwavuli wa plastiki. Alikuwa nao mmoja tu. Nilikataa, akainamisha kichwa na kuondoka na mvua yake. Mwavuli ule niliutumia mpaka siku ya mwisho, kisha nikauacha kwa binti wa ami.

Ikebukuro palikuwa na ukumbi wa zamani wa Sega ambao tayari ulikuwa ukiitwa GiGO, uliofunguliwa 1993 na kufungwa 20 Septemba 2021. Miaka 28. Usiku wa kufunga umati ulijaa barabarani kuangalia mlango ukishushwa. Wenye jina jipya walirudi mtaani humo Septemba 2023 na ukumbi mkubwa, na mimi niliukuta una miezi miwili tu. Ni msafi, unang'aa, na midoli ni mingi. Nilifurahi kwamba upo. Lakini nilipotafuta mashine ambayo mtu wa rika langu angeikalia kwa sarafu moja asubuhi nzima, nilitembea sana.

Mlangoni nilinunua taiyaki, mkate wenye umbo la samaki uliojazwa maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Nyumbani maharagwe matamu tunayajua kwa mbaazi na mahamri, nazi ikiwemo; haya ni makavu zaidi na matamu zaidi. Ule ukiwa bado wa moto.

Mchana wote uliobaki nililala.

Jumapili: ghorofa ya juu

Leo binti wa ami alikuja nami Mikado kunitafsiria, na hii ndiyo siku iliyojaza kurasa nyingi kuliko zote.

Juu ni michezo ya kupigana. Mashine zimepangwa mgongo kwa mgongo, kila mbili zikiwa zimeunganishwa kwa waya. Mpango huu ulienea baada ya Street Fighter II ya Capcom ya mwaka 1991. Mwanzoni wachezaji wawili walibanana kiti kwa kiti mbele ya kioo kimoja, na mtu mwenye haya hakuthubutu kumpinga asiyemjua. Wenye kumbi wakaunganisha mashine mbili zitazamane kwa migongo: humwoni mpinzani wako, unaona tu kwamba mtu ametia sarafu upande wa pili. Aliyeshinda hubaki bila kulipa. Aliyeshindwa ndiye huchomoa mia nyingine. Hapo tena ni ile ile hesabu ya sarafu. Watu wawili hodari wakikutana, mashine hula haraka.

Tulimkuta bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, tai ameikunja mfukoni. Binti wa ami alimsalimia, akamweleza nimetoka wapi. Akasimama. Akanionyesha kiti chake.

"Anasema ukae," binti wa ami akaniambia. "Anasema yeye amekuwa akija tangu ukumbi uko Shinjuku."

Kwani Mikado haikuzaliwa hapa. Ilifunguliwa Shinjuku mwaka 2006, ikahamia Takadanobaba mwaka 2009. Mwenyewe ni Minoru Ikeda. Mwaka 2006 watu wenye fedha walikuwa wanatoka kwenye biashara hii, yeye akaingia, na akaingia na mashine ambazo wengine walikuwa wanazitupa. Njia yake ilikuwa kufanya mashindano ya michezo mikongwe mara kwa mara na kuyatangaza kwenye mtandao, ili mchezo wenye wapenzi hamsini nchi nzima uwe na mahali pa kuwakutanisha.

Nilimwuliza yule bwana kuhusu mwaka 2020. Alijibu kirefu, na binti wa ami akalazimika kumsimamisha mara mbili. Tarehe 7 Aprili 2020 serikali ilitangaza hali ya dharura Tokyo, Mikado ikafunga. Kodi ya pango haikufunga. Ikeda akaitisha mchango kwenye intaneti, harambee kama tunavyoijua sisi, na wachezaji wakachanga zaidi ya yen milioni 30, kupita lengo lililowekwa. Yeye bwana alichanga, na aliwapigia simu rafiki zake waliohamia mikoani nao wakachanga, watu ambao hawajatia sarafu pale kwa miaka.

"Mwulize kwa nini," nikasema.

Binti wa ami akamwuliza, akasikiliza, akacheka kidogo. "Anasema nyumbani ana mchezo huu huu kwenye mashine yake. Lakini nyumbani hakuna mtu wa upande wa pili."

Kisha tukacheza. Alinishinda, akaja upande wangu kunionyesha jinsi ya kushika fimbo, vidole viwili chini ya mpira, bila kuikaza. Akarudi akanishinda tena, akatia sarafu zake mwenyewe ili nisilipe mimi. Nilipinga. Binti wa ami akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, muache, anakukaribisha." Nikamuacha.

Karibu na ngazi fundi alikuwa amefungua mashine, na aliniruhusu nichungulie. Ndani ni televisheni ya kichogo, aina ambayo viwanda vimeshaacha kutengeneza, kwa hiyo kila inayokufa fundi huitafutia viungo kwa zilizokwisha kufa. Bodi zenyewe zina maradhi yao. Binti wa ami alinitafsiria habari ya bodi za Capcom zilizoanza 1993, ziitwazo CPS-2: ndani kuna betri inayohifadhi funguo za kusomea mchezo, na betri ikiisha funguo zinapotea na mchezo hauwaki tena. Anayejua hubadilisha betri kabla. Kumbi zilizofunga ziliacha bodi nyingi kwenye maghala, na betri zao zinahesabu siku.

Jioni yalikuwa mashindano. Kamera, watangazaji wawili, viti vya kukunja, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Niliwatambua wachezaji watatu kwa sura kutokana na kuwatazama mtandaoni, na mmoja niliyempungia mkono alikuja kuniuliza natoka wapi, akataka tupige picha. Nilimwonyesha kwenye ramani. Akaita wenzake waje waone Mombasa ilipo. Waliuliza kama tuna gesen. Niliwaambia tuna vibanda vya pleisteshen, vijana wanalipia mechi moja moja, na anayeshindwa anampisha mwenzake. Wakaelewa mara moja. Hawakuhitaji tafsiri ya zaidi.

Fainali ilikwisha saa nne na nusu usiku, na nusu ya watu hawakuondoka. Walirudi kwenye mashine.

*Kwa anayekwenda:* piga picha za mashine kama mfanyakazi amekubali, na usipige sura za watu bila kuomba. Ukitaka kumtazama mtu akicheza, simama nyuma kidogo kwa pembeni. Ukishindwa mara nyingi mfululizo na kuna anayesubiri, inuka. Mashine ya kuchenji haikubali pesa za kigeni, na sarafu mpya ya yen 500 iliyotoka 2021 hukataliwa na mashine nyingi za zamani, basi jaza mfuko sarafu za mia. Uvutaji sigara umebanwa vyumba maalumu tangu Aprili 2020, kwa hiyo mwenye pumu asiogope habari za zamani za moshi.

Jumatatu: kurudi Narita

Asubuhi nilinunua onigiri tatu, yaani matonge ya wali, za samaki kwa yen 430, nikapitia Mikado kuaga. Fundi wa jana alikuwa zamu. Mashine aliyokuwa ameifungua ilikuwa inawaka, na mtu alikuwa ameshaikalia.

Safari hii nilichukua treni ya kawaida kwenda Narita kwa kuwa muda ulikuwepo, na sikujuta, ila usiipande kati ya saa moja na saa tatu asubuhi ukiwa na begi kubwa. Viza niliishughulikia kupitia ubalozi wa Japani, Nairobi. Anza mapema, weka barua ya mwenyeji au uthibitisho wa hoteli, taarifa za benki na ratiba ya siku kwa siku, na kwenye ratiba andika ukweli. Mimi niliandika "ukumbi wa gemu, Takadanobaba", na hakuna aliyeniuliza swali.